Metro ya Dubai kwa Mtu wa Kariakoo: Muulize Anayekuelekeza Alifika Mwaka Gani

Binti wa dada yangu alisimama juani Bur Dubai saa nzima, mwezi wa saba, kwa sababu ya daftari langu.

Mimi nilikuwa dukani Kariakoo, yeye ndiye aliyesafiri, na ilikuwa safari yake ya kwanza. Kuna wakala wa vifaa vya saluni ninayenunua kwake tangu 2012. Ofisi yake iko Al Barsha, mwendo wa dakika tano kutoka stesheni. Nikafungua daftari nikamsomea kama lilivyoandikwa: shuka Sharaf DG, toka nje, utaiona barabara kubwa ya Sheikh Zayed, ofisi iko nyuma ya hoteli. Akashuka Sharaf DG, akanipigia.

"Mamdogo, hapa hakuna barabara kubwa. Naona mitaa imebanana na maduka ya vifaa vya umeme."

Nikamwambia angalia vizuri. Akaangalia. Nikamwambia basi umeshuka kituo sicho. Hakujibu, akanitumia picha ya kibao: Sharaf DG, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, herufi za kusomeka toka mbali.

Wote wawili tulikuwa sahihi. Jina ndilo lililokuwa limehama. Stesheni niliyoizoea mimi, ile inayofuata baada ya Mall of the Emirates, ilikuja kubadilishwa ikaitwa Mashreq. Na jina la Sharaf DG likapewa stesheni iliyokuwa inaitwa Al Fahidi, kwenye njia nyingine, kama kilomita 20 kutoka pale. Daftari langu halikuwa na habari hizo, na mimi nilikuwa sijashuka kituo kile kwa miaka kadhaa.

Ndiyo maana ukija kuniuliza namna ya kupanda metro ya Dubai, sianzi na kadi wala mashine. Naanza na umri wa reli yenyewe. Kila mtu pale Kariakoo atakayekuelekeza anakuelekeza kwa ramani ya mwaka aliofika yeye. Ukijua reli ilikua vipi, utajua ni ramani ya mwaka gani unayopewa.

Ilivyokua

Mimi nilifika mara ya kwanza 2007, nikimfuata mama mmoja wa Mtaa wa Aggrey aliyekuwa ananifundisha kazi. Wakati ule Dubai ilikuwa ni foleni. Mwaka huo huo, mwezi wa saba, walianza tozo ya Salik: gari likipita chini ya geti pale Garhoud au Al Barsha lilikuwa linakatwa dirhamu 4. Na katikati ya foleni, pembeni mwa Sheikh Zayed, nguzo za zege zilikuwa zinapanda moja moja kama mtu anapanda minazi. Mama yule aliniambia hiyo ni reli, treni itapita juu, na haitakuwa na dereva. Nikacheka. Nilidhani ananiingiza mjini.

Kumbe kweli. Mkataba walikuwa wameshautia saini 2005 na kundi la kampuni lililoongozwa na Wajapani, Mitsubishi wakiwemo, na ujenzi ukaanza 2006. Njia ya kwanza, Red Line, ilizinduliwa usiku wa tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 2009, saa tatu na dakika tisa na sekunde tisa. Ilikuwa Ramadhani. Wenzetu wana mapenzi na hiyo tarehe, utaona.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba siku ile zilifunguliwa stesheni 10 tu kati ya 29. Treni ilikuwa inapita stesheni zilizokamilika kuta lakini milango imefungwa. Kwa hiyo mtu aliyekwenda mwishoni mwa 2009 atakuambia metro "haina vituo", na hakuongopa. Nilipoipanda mimi mara ya kwanza, mwanzoni mwa 2010, nilipandia Al Rigga, nikashuka Union, basi. Kutoka pale mpaka sokoni ilikuwa ni kwa miguu au kwa taksi, maana Red Line inaigusa kidogo tu Deira, ile sehemu ya mji yenye masoko yetu, haifiki masokoni kwenyewe.

Kilichobadilisha biashara ni Green Line, iliyofunguliwa tarehe hiyo hiyo ya 9 mwezi wa 9, mwaka 2011. Hiyo ndiyo njia ya mfanyabiashara. Inapita Baniyas Square, inapita soko la dhahabu, inapita Al Ras, inazama chini ya maji na kuibukia Bur Dubai, Al Ghubaiba. Kama una siku nne tu za visa na mkoba wa sampuli begani, utaishi kwenye Green Line.

Baadaye vikaja vipande vipande. Mwaka 2014 Green Line ikaongezwa mpaka Al Jadaf na Creek. Mwaka huo huo ikaja tramu ya kule Marina, ambayo kwetu haina biashara. Kisha Red Line ikachipua tawi la kilomita 15 na stesheni 7 kwenda eneo la maonyesho ya Expo 2020. Tawi hili nitalirudia, maana limewapoteza watu.

Majina

Mamlaka ya Barabara na Usafiri ya Dubai, RTA, huuza haki ya jina la stesheni. Kampuni inalipa, jina lake linawekwa kwenye kibao na kwenye ramani na linatangazwa ndani ya treni. Mkataba ukiisha, jina linaweza kuondoka. Si siri na si jambo baya, pesa inaingia na nauli inabaki nafuu. Lakini wewe unayetembea na maelekezo ya mtu wa 2013 mfukoni, litakukuta. Andika haya:

Palm Deira ya zamani sasa ni Gold Souq.
Khalid bin Al Waleed ni BurJuman.
Rashidiya ni Centrepoint.
GGICO ni Al Garhoud.
Al Jafiliya ni Max. Wanaokwenda ofisi za uhamiaji wanashukia hapo.
Al Fahidi ni Sharaf DG, na Sharaf DG ya zamani ikawa Mashreq. Hii nimekwishailipia.
Jebel Ali ya kwanza ikawa UAE Exchange, na ile iliyokuwa Nakheel Harbour and Tower ndiyo ikaitwa Jabal Ali. Usinitake nieleze kwa nini.

Na kuna majina ya kale kuliko metro yenyewe. Wazee wa Kariakoo watakuambia "nenda Nasser Square". Hutaliona jina hilo kwenye ramani ya treni. Shuka Baniyas Square, umefika.

Mimi nina dawa mbili. Ya kwanza, usiombe jina la stesheni peke yake. Omba na jengo kubwa lililo karibu, na stesheni inayotangulia na inayofuata. Ya pili, siku unayofika piga picha ramani iliyobandikwa stesheni, ile ya ukutani, siyo iliyoko kwenye simu ya rafiki yako. Ukiambiwa jina usilolikuta pale, usipande treni. Piga simu kwanza.

Ila kwa mtu wa pwani kuna majina yanayojikumbusha yenyewe. Lile ghuba la maji linalokata mji, Wazungu wanaliita Creek na Waarabu wanaliita Khor. Sisi tunasema hori, neno lile lile. Al Ras ni rasi, ncha ya nchi inayoingia majini, na ukitoka nje ya stesheni hiyo utayakuta majahazi yamefungwa gatini yanapakia majokofu na matairi. Ndani ya Al Ghubaiba sikiliza vizuri utaisikia ghuba. Hata kadi ya kulipia inaitwa Nol, na nol ni nauli. Tangu nimelijua hilo sijawahi kulisahau jina la kadi.

Kadi

Ukifika stesheni nenda kaunta, omba Nol ya fedha, Silver. Inauzwa dirhamu 25, ndani yake kuna dirhamu 19 za kutumia. Ipo ya karatasi nyekundu, karatasi yenyewe unailipia dirhamu 2 na kila safari inakuwa ghali kwa dirhamu moja zaidi. Ukiwa unapita tu na ndege yako inaondoka leo, sawa. Ukiwa na siku tatu za kuzunguka, nyekundu ni hasara. Ipo pia ya dhahabu, nauli mara mbili, unakaa behewa lenye viti vya ngozi. Niliipanda mara moja nione. Viti vizuri, mzigo ni ule ule.

Kadi ya Silver hudumu miaka mitano. Usiitupe. Mimi kadi yangu imepita mikononi mwa watu wanne wa mtaa mmoja, tunarithishana kama jiko la mkaa. Kuongeza pesa kaunta, tangu Agosti 2024 hawapokei chini ya dirhamu 50, kwa hiyo siku ya mwisho ya safari usiende kaunta na dirhamu 10 ukidhani utahudumiwa.

Nauli inakwenda kwa kanda. Mji umegawanywa kanda 7. Ukisafiri ndani ya kanda moja ni dirhamu 3, ukiingia ya pili dirhamu 5, zaidi ya hapo dirhamu 7 na nusu hata ukienda mpaka mwisho wa reli. Kwa mfano wetu: uwanja wa ndege na Deira yote ni kanda moja, kwa hiyo kutoka Terminal 3 mpaka Union ni dirhamu 3. Taksi ya uwanjani inaanza kuhesabu kwenye 25 kabla haijasogea. Deira kwenda Dubai Mall ni 5. Deira kwenda Al Barsha kwa yule wakala wangu ni 7 na nusu.

Unagusa kadi ukiingia na unagusa ukitoka. Kwenye treni huwezi kusahau, geti halifunguki. Kwenye basi ndiyo watu wanaumia: kadi ni ile ile, basi halina geti, mtu anashuka bila kugusa na anakatwa nauli ya juu kabisa. Lakini ukishuka kwenye treni ukapanda basi ndani ya dakika 30, inahesabiwa safari moja, hulipi upya. Hapa ndipo utaokoa pesa kwenye safari ya Dragon Mart, lile soko la bidhaa za Kichina, nitakuja huko.

Siku ya kwanza, hatua kwa hatua

Angalia tiketi yako ya ndege inatua terminal ipi. Terminal 1 na Terminal 3 zina stesheni zake za Red Line. Terminal 2, ambako flydubai nyingi hutua, haina metro. Ukitua hapo tafuta basi au taksi, usiburute begi ukiuliza treni.

Kisha angalia saa. Jumatatu mpaka Jumamosi treni zinaanza saa 11 alfajiri. Jumapili zinaanza saa 2 asubuhi. Zinalala saa 6 usiku, isipokuwa Ijumaa zinapitiliza mpaka saa 7. Hapa pia kuna maelekezo ya zamani: atakuja mtu akuambie Ijumaa asubuhi hakuna treni. Kweli, miaka ya mwanzo Ijumaa treni hazikutembea mpaka mchana. Tangu wabadilishe wikendi yao 2022, habari hiyo imekufa. Siku ya kuamka pole pole sasa ni Jumapili.

Begi. Unaruhusiwa moja kubwa, mwisho sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na moja dogo la mkononi. Maana yake metro ni ya wewe na sampuli zako. Mzigo wenyewe uache dukani, watu wa kago watauchukua. Niliwahi kumwona kijana wa kwetu, namjua kwa lafudhi, anabishana getini Baniyas Square na katoni tatu za viatu kichwani. Daladala imetuharibu.

Ndani ya treni, tazama sakafu ya jukwaani kabla mlango haujafunguka. Sehemu yenye alama ya waridi ni behewa la wanawake na watoto. Kwa sisi akina mama ni neema, hasa jioni pale Union watu wanapobadilisha njia na unabaki umesimama kwa nguvu za majirani. Kwa mwanamume ni faini ya dirhamu 100. Shemeji yangu aliingia huko kwa haraka zake akimkimbilia mkewe, na akalipa. Akasema hakuiona alama. Alama ilikuwa chini ya viatu vyake.

Kula, kunywa, hata kutafuna bigijii: 100. Kusafiri bila nauli: 200. Kujilaza na kusinzia mahali pasiporuhusiwa: 300. Maji unayo kwenye mkoba, yaache humo mpaka utoke nje, hata kama ni mwezi wa nane na koo limekauka.

Sasa lile tawi. Ukiwa Red Line unaelekea upande wa Jabal Ali, treni zinagawana njia. Nyingine zinakwenda Expo 2020, nyingine zinaendelea na njia ya zamani. Mwanzoni abiria wa Expo walikuwa wanashuka Jabal Ali kubadilisha treni, na maelekezo mengi ya mtandaoni bado yanasema hivyo. Tangu Aprili 2024 treni inakwenda moja kwa moja. Kwa hiyo soma kibao cha jukwaani: jina lililoandikwa pale ndilo mwisho wa treni hiyo. Ukiishia Dubai Mall au Al Barsha haikuhusu, panda yoyote.

Kutoka stesheni nako kuna ujuzi. Zile za chini ya ardhi, kama Union, zina milango mingi yenye namba, na ukitokea mlango sio unaweza kutembea robo saa kurudi ulikotoka, chini ya jua. Muulize mwenyeji wako namba ya mlango. Zile zilizo juu ya nguzo kwenye Sheikh Zayed zina daraja la kuvukia pande zote mbili, na vituo vya basi pale vimeandikwa upande wa bahari na upande wa bara. Raha iliyoje, kama Mombasa. Usijaribu kuivuka barabara ile kwa miguu. Ukishukia upande sio, panda ngazi za umeme urudi, geuka upande wa pili.

Kuvuka hori lenyewe, kutoka Deira kwenda Bur Dubai, reli zote mbili zinapita chini ya maji na huoni kitu. Nakushauri mara moja ushuke Al Ras, uvuke kwa abra, mashua ya dirhamu moja. Unapata upepo.

Dragon Mart, na kile kinachokuja

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaouza bidhaa za Kichina ni metro inafika Dragon Mart au haifiki. Haifiki. Dragon Mart iko International City, na reli haijawahi kugusa huko. Panda Red Line mpaka mwisho wa upande wa mashariki, Centrepoint, ile waliyokuwa wanaiita Rashidiya, uunganishe basi. Gusa kadi ndani ya zile dakika 30.

Lakini njia mpya, Blue Line, inajengwa. Mkataba waliutoa Desemba 2024: kilomita 30, stesheni 14, kama nusu yake chini ya ardhi. Itaanzia sehemu mbili, mkono mmoja kutoka Creek kwenye Green Line na mwingine kutoka Centrepoint, na mikono hiyo itakutana International City, kwenye stesheni ya chini ya ardhi. Wamepanga kuifungua tarehe 9 mwezi wa 9, 2029. Nilikwambia wana mapenzi na hiyo tarehe.

Mpaka wakati huo, ukipita upande ule utaona mashine na uzio, na dereva wa basi anaweza kuzunguka njia usiyoijua. Mpe nafasi, ongeza nusu saa kwenye mahesabu yako.

Nimeshafungua ukurasa wa Blue Line kwenye daftari. Stesheni zote 14 nimeziandika, kwa penseli.